Nikiridhika na hatua ndogo, ni imani au ni uvivu?

Swali: Shikamoo mshauri. Nina miaka 34. Nilikuwa na miaka 23 baba alipopooza, nikaacha masomo ya uhasibu nikamuuguza miaka saba, mpaka alipofariki. Kisha nikarudi darasani. Mchana nafanya kazi, usiku nasoma. Wale nilioanza nao leo ni wakuu wa idara, wengine wana nyumba zao na familia, mmoja ana kampuni yake. Nikikutana nao najiona kama abiria aliyeachwa na gari. Katika masomo niko kwenye 9 kati ya 14, na hilo la tisa nilianguka mara mbili kabla ya kufaulu. Mama huniambia nitulie, riziki hupangwa na Mungu. Mungu namwamini, na kila siku naomba. Lakini kuna usiku najiuliza kama hii ninayoiita subira si uvivu niliouvika nguo za dini, na usiku mwingine najiuliza kama Mungu ananiadhibu. Mtu kama mimi anayapimaje mafanikio yake?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kabla ya lolote nataka uone jinsi ulivyoiandika. Wenzako umewaeleza kwa mapana: vyeo, nyumba, familia, kampuni. Miaka saba ya kumuuguza mzazi umeipa sentensi moja. Masomo 9 uliyofaulu umeyataja mbiombio, na hapohapo ukaharakisha kuyafunika kwa habari ya kuanguka. Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekusimamisha hapo hapo nikuombe urudie ile namba polepole.

Tuipige hesabu pamoja. Umerudi kusoma ukiwa na miaka 30. Kwa miaka minne, ukiwa na kazi ya mchana kutwa, umefaulu masomo 9. Yamebaki 5. Kwa mwendo huohuo, bila kuongeza kasi hata kidogo, utamaliza baada ya miaka miwili na miezi michache, ukiwa na miaka 36. Safari yako ina mwisho unaoonekana, nawe unaisimulia kama mtu aliyekwama.

Kuhusu uvivu nitakujibu moja kwa moja, maana naona ndilo linalokuuma zaidi. Mvivu haanguki mtihani mara mbili kisha akaenda kuufanya mara ya tatu. Akianguka mara ya kwanza hupata sababu nzuri ya kuacha, na sababu nzuri wewe ulikuwa nazo tele. Wasiwasi wako umetoka mahali pengine, na nitakuonyesha nadhani ni wapi.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya: mafanikio na maendeleo. Yasikilize yalivyojengwa. Maendeleo yametoka katika kuendelea, na kuendelea kumetoka katika kwenda. Ni jambo la miguu yako. Mafanikio yametoka katika kufanikiwa, na kitenzi hicho kina umbo la kutendewa, sawa na kujaliwa na kubarikiwa. Ndani yake limo neno kufana, lile tunalolitumia tukisema sherehe imefana. Mwenye sherehe alipika, alialika, alipanga viti; lakini kufana kwenyewe kulitegemea pia wageni, hali ya hewa na mambo mengi yasiyokuwa mikononi mwake. Wazee walioyaunda maneno haya walijua kwamba kuna sehemu ya mtu na kuna sehemu anayopewa.

Nionavyo mimi, hapo ndipo mizani yako ilipopinda. Unajihukumu kwa mafanikio, yaani kwa sehemu ambayo huna mamlaka nayo, na sehemu iliyo yako, ile ya kuendelea, huihesabu kabisa. Ukiniuliza mtu aliyefanikiwa ni nani, nitakujibu hivi: ni yule anayeendelea katika jambo lenye maana kwake, kwa njia asiyoionea haya, huku yale yasiyo mikononi mwake ameyakabidhi kwa Mungu kwa moyo mmoja. Tafsiri hiyo haina mahali pa kuandika miaka ya mwenzako, na sikuusahau umri wake, nimeuacha makusudi.

Najua utaniambia: hiyo si njia ya kujifariji tu? Ngoja kwanza.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza jambo ambalo kila mmoja wetu analijua moyoni. Binadamu ana hamu ya kujua amefika wapi, na anapokosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu waliomzunguka. Zingatia hilo sharti: anapokosa kipimo. Ndiyo maana ushauri wa "acha kujilinganisha" haufui dafu. Hamu ya kujipima haiondoki kwa kukemewa, na ukiifukuza mlangoni itarudi dirishani. Inachohitaji ni kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli. Wewe unacho, tena cha namba, ila umekiweka mfukoni na kwenda kuazima cha jirani. Na cha jirani hakikufai, kwa sababu ukikutana na mwenzako humwoni yeye mzima. Unaona cheo na nyumba. Huoni deni, usingizi anaoukosa, wala mzazi ambaye huenda hakupata nafasi ya kumuaga.

Jambo la pili linahusu kusubiri. Watu wengi huahidi kwamba watafurahi wakifika. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watu 22 waliokuwa wameshinda fedha nyingi za bahati nasibu na watu wengine 22 wasioshinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa kuliko wenzao, na starehe ndogo za kila siku zilikuwa zimewapungukia ladha. Ni utafiti wa watu wachache, siupi uzito kuliko unaostahili, lakini unakubaliana na yale niliyoyaona katika kazi hii ya ushauri. Mtu aliyejizoeza kutokuona alichonacho, hata akipata kipya hukizoea vilevile. Mwezi wa kwanza hushangilia, wa tatu keshaanza kutazama kwa jirani tena. Ukimaliza somo la 14 na macho hayahaya uliyo nayo leo, utaniandikia barua nyingine kama hii, ila itakuwa na vyeo vikubwa zaidi.

Sasa nije kwenye kile kinachomtia mtu nguvu njiani. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer waliwaomba wafanyakazi 238 waandike kila siku kilichotokea kazini na walivyojisikia, wakakusanya kumbukumbu karibu 12,000. Walipozichambua waliona kwamba siku njema za watu hao mara nyingi zilikuwa na kitu kimoja: walikuwa wamepiga hatua katika kazi yenye maana, hata kama ni hatua ndogo. Kuna upande wa pili wa matokeo yale ambao husemwa mara chache, nao ndio ulionifanya nikukumbuke. Kurudi nyuma kuliwaathiri watu kwa nguvu zaidi kuliko kusonga mbele. Kwa hiyo wewe uliyefaulu mara tisa na kuanguka mara mbili si ajabu ukajiona umeanguka zaidi. Moyo wa binadamu haupimi kwa usawa. Hata mwenye imani kubwa moyo wake uko hivyo, na hapana dhambi ndani yake. Dawa yake ni maandishi, nitaifikia.

Tuongee kuhusu imani, maana mama yako ameisema na wewe umeisema, na nahisi hamkuzungumzia kitu kimoja.

Mwaka 1988 Kenneth Pargament, ambaye amechunguza kwa miaka mingi namna watu wa dini wanavyokabili shida, alieleza pamoja na wenzake mitindo mitatu. Kuna anayeamini kwamba Mungu amempa akili na nguvu, kwa hiyo tatizo ni lake alitatue mwenyewe. Kuna anayemwachia Mungu kila kitu na kukaa akingoja. Na kuna anayefanya kazi pamoja na Mungu, mkono wake ukiwa kwenye jembe na moyo wake ukiwa katika dua. Wewe unaogopa kwamba uko katika mtindo wa pili. Barua yako yote inaonyesha uko katika wa tatu, ila hujapata maneno ya kuueleza, na mama alipokuambia utulie ulisikia "kaa ungoje". Nadhani mama alikuona umechoka akakuombea upumzike. Mwulize. Usimhukumu kwa neno moja.

Hukunitajia dini yako na sina haja ya kuiuliza, kwa sababu hapa mapokeo makubwa mawili yanasema jambo lililo karibu sana. Waislamu wamepokea habari ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na kumtegemea. Akajibiwa amfunge, kisha ategemee. Wamepokea pia kwamba matendo yapendezayo zaidi kwa Mungu ni yale yanayodumu, hata yakiwa machache. Na wanajua kwamba Kurani yenyewe haikushuka kwa siku moja. Iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23. Wakristo nao wana mfano ulioandikwa katika Injili ya Marko: mtu anamwaga mbegu, analala, anaamka, nayo mbegu inaota asivyojua yeye, kwanza jani, kisha suke, kisha ngano pevu katika suke. Huwa nawaomba watu wautazame vizuri yule mkulima. Alipanda. Kupanda hakumwachia Mungu. Lakini hakukesha shambani akifukua udongo kila asubuhi kuona kama mbegu imeota.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya subira na uvivu. Vyote viwili vinaweza kulala usiku. Tofauti huonekana asubuhi, mkono unapokwenda kwenye kazi au usipokwenda. Ukitaka kujikagua, usikague hisia zako, maana hisia za mtu aliyechoka na za mtu mvivu hufanana sana. Kagua wiki iliyopita. Ulifungua kitabu? Mara ngapi? Kama jibu ni mara nne, swali lako la uvivu limejibiwa, na likikurudia usiku lijibu kwa namba hiyo. Kama hukukifungua kwa wiki nyingi mfululizo huku dua zinaendelea, basi kuna la kurekebisha, lakini hata hapo anza kwa kuuliza kama umechoka kabla ya kujiita mvivu.

Lile la adhabu limenigusa kuliko yote, na sitalipitia juu juu. Tafiti za Pargament na wenzake zimeonyesha tena na tena kwamba imani humsaidia mtu kustahimili, isipokuwa inapogeuka kuwa mashaka kwamba Mungu amemtupa au anamlipiza. Hapo humzidishia mzigo, na hali yake ya afya huelekea kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mawazo hayo si madogo. Mimi si mwanateolojia, lakini nimeketi na watu wengi waliobeba hukumu hiyo peke yao, na ninachokuomba ni kuitoa gizani. Mwambie kiongozi wa dini unayemwamini, aliye mpole, mwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia. Na katika dua yako useme hivyohivyo. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu wazi, na Ayubu alilia kwa uchungu mwingi. Hawakuhesabiwa kuwa wamepoteza imani kwa kusema kweli.

Nikuulize na mimi: ni kosa gani unaloadhibiwa? Kumuuguza baba?

Miaka ile saba. Katika barua yako imekaa kama shimo kati ya masomo na masomo. Nakuomba uitazame upya. Mtu aliyepooza anahitaji kugeuzwa kitandani ili asipate vidonda, anahitaji kulishwa, kuogeshwa, kusikilizwa hata pale maneno yanapomtoka kwa shida. Hayo hujifunzi darasani. Ulikuwa na miaka 23, umri ambao watu huombwa kujifikiria wao, na ukayafanya hayo mpaka ukafika miaka 30. Kama mafanikio yana maana yoyote mbele za Mungu, siwezi kufikiri kwamba miaka hiyo haimo. Dunia haina cheti cha kazi hiyo, ndiyo maana na wewe umeiona tupu. Lakini jiulize leo, ungepewa nafasi ya kuwa na cheo cha mwenzako kwa sharti kwamba baba afe mikononi mwa mtu mwingine, ungekubali? Ukijibu hapana, basi ulichagua kilicho kikubwa kwako na ukakitimiza. Hilo nalo ni lengo lililofikiwa.

Niingize hapa jambo langu. Nilipoanza kazi hii nilijipima kwa watu waliorudi kunishukuru. Walikuwa wachache, nikaanza kuamini sifai. Mwenzangu mmoja mkubwa kwa umri aliniambia kwamba aliyepona haji tena, ana maisha ya kuishi. Miaka miwili nilikuwa nimetumia kipimo kilichohesabu kinyume. Tangu siku ile, mtu akiniambia hajafanikiwa, huwa naanza kwa kukagua kipimo chake.

Basi nije kwenye yale ya kufanya. Tafuta daftari. Kila mwisho wa wiki, siku unayoichagua mwenyewe, fungua ukurasa na uugawe mara mbili. Upande mmoja andika *Nilichofanya*, upande wa pili *Nilichojaliwa*. Upande wa kwanza ni wa miguu yako: kurasa ulizosoma, maswali uliyoyajibu, siku uliyoamka ukasali hata mwili ulipokataa, simu uliyompigia mama. Upande wa pili ni wa yale yaliyokuja bila wewe kuyalazimisha: mwalimu aliyekueleza mada ngumu ukaelewa, siku ambayo mkuu wako alikuruhusu kutoka mapema, usingizi mzuri, alama za mtihani. Ndiyo, alama weka upande wa pili. Kusoma ni kwako, matokeo utajaliwa. Najua hilo litakusumbua kidogo mwanzoni, wahasibu mnapenda mizania ilingane. Hii hailingani wiki moja hata moja, na ndivyo inavyotakiwa.

Daftari hilo litakufanyia kazi mbili. La kwanza, litakuwa shahidi siku moyo unapokumbuka kuanguka tu. La pili ni gumu zaidi: litakuambia ukweli usipoutaka. Upande wa kwanza ukijaa mwaka mzima katika jambo fulani na wa pili ukabaki mtupu kwa jambo hilohilo, usiseme imani yangu ni ndogo. Badili njia. Tafuta mwalimu mwingine, badili saa ya kusoma, omba msaada, na wakati mwingine badili lengo lenyewe. Kung'ang'ania mlango uliofungwa si lazima iwe subira. Na kama kinachokuzuia ni mtu anayekudhulumu au utaratibu usio wa haki, usikubali mtu yeyote akuambie "polepole ndiyo mwendo". Hapo panahitaji kusema na kudai.

Kuhusu kuzoea, usijipe siku chache. Phillippa Lally na wenzake katika chuo cha University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ya kila siku. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kushika, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na walioruka siku moja hawakuharibu kazi yao. Hilo nalikazia kwa sababu watu wa imani tuna mtindo wa kuona siku moja iliyokosekana kama nadhiri iliyovunjwa, kisha tunaacha yote. Umekosa Jumanne, fanya Jumatano.

Na saa ya kusoma ifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Usiseme "nitasoma nikipata nafasi." Sema "nikimaliza sala ya jioni, nakaa mezani dakika 40." Ukiwa hoi, kaa dakika 10 uandike kumi. Zitaingia daftarini vilevile.

Kuna jambo moja la kiafya. Kama huzuni imekukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika, na hata vitu ulivyovipenda havikuvutii tena, mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili karibu nawe. Ukianza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usisubiri hata siku moja, mwambie mtu leo. Kutibiwa hakupingani na kuomba. Ni kumfunga ngamia.

Wenzako usiwakimbie. Ukikutana nao tena, mmoja wao akikuuliza uko wapi siku hizi, usianze na miaka wala kuanguka. Mwambie: nimefaulu masomo tisa, yamebaki matano. Kisha nyamaza, uone sentensi hiyo inavyosikika ikisemwa kwa sauti yako.

Ukurasa wa kwanza wa daftari usiuanze na wiki hii. Upande wa *Nilichofanya* andika miaka saba ya baba. Chini yake andika mara tatu ulizoingia kwenye chumba cha mtihani kwa ajili ya somo la tisa. Upande wa pili andika 9. Halafu ukishafanya mtihani wa somo la kumi, matokeo yawe yoyote, niandikie uniambie ulijaza nini upande wa kwanza.